Matuta ya Viazi katika Nchi ya Mtakatifu Patrisi

Wakulima wa milima ya Kivu hawahitaji kuelezwa kiazi mviringo ni kitu gani. Kule Lubero na Masisi wanakipanda, na magunia yake hushushwa mpaka masoko ya Goma. Lakini sisi tunacho pamoja na maharagwe, mahindi, ndizi na muhogo. Kimoja kikikosa, kingine husaidia, angalau kidogo. Leo tutazame taifa moja la Ulaya ambalo maskini wake, kwa muda mrefu, walikuwa na chakula kimoja tu cha kutegemea, nacho ni hicho hicho kiazi. Taifa hilo ni Ayalandi.

Wazee wa Kivu na Katanga waliwaona wana wa nchi hiyo kwa macho yao. Mwaka 1960 askari wa Ayalandi walifika kwetu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 8 Novemba ya mwaka huo tisa kati yao waliuawa huko Niemba. Habari hiyo iliwaliza watu wa nchi yao mno, maana hawakuwa wamezoea kupeleka askari mbali namna ile. Lakini leo hatusemi habari za vita. Tunataka kujua babu zao walilimaje.

Ayalandi ni kisiwa, magharibi ya kisiwa cha Uingereza. Upande wa magharibi unakabili bahari kuu ya Atlantiki, na kutoka huko upepo huleta mawingu na mvua karibu mwaka mzima. Jua si kali, baridi si kali. Bali unyevu haukomi. Katika majimbo ya Mayo, Galway na Donegal ardhi yenyewe ni ya mawe, au ni matope meusi ambayo wenyeji huyakata kama matofali, huyakausha, na kuyachoma jikoni badala ya kuni. Mtu wa kwetu akiitazama nchi hiyo atasema: hapa hapaoti kitu. Na kweli, ngano haipendi mahali kama hapo.

Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Peru, huko Amerika ya Kusini. Kilifika Ayalandi mwishoni mwa karne ya 16. Kwanza kilikuwa kitu cha bustani tu, halafu kikaenea kwa maskini, na sababu yake si ladha. Mashamba mazuri yalikuwa mali ya mabwana wakubwa, wengi wao wa asili ya Kiingereza, na mkulima Mkatoliki alikuwa mpangaji tu. Nafaka aliyovuna, siagi, hata nguruwe aliyemfuga, vyote vilikwenda kulipa kodi ya ardhi. Kilichobaki cha kulisha watoto ni kipande kidogo cha ardhi mbaya. Ndipo kiazi kilipoonyesha nguvu zake: eka moja hivi ya viazi iliweza kulisha jamaa nzima sehemu kubwa ya mwaka, hata juu ya mlima, hata katika matope. Kufika miaka ya 1840, watu wapata milioni tatu walikuwa hawana chakula kingine cha maana.

Basi walilimaje? Chombo chao kikubwa kilikuwa sepetu. Lakini msifikiri ni sepetu ya kuchotea mchanga. Ile ya magharibi, ambayo kwa lugha yao huitwa láí, ina mpini mrefu wa mti mgumu, na ulimi mwembamba wa chuma, na pahali pa kukanyagia upande mmoja tu. Mkulima hukanyaga kwa mguu mmoja, chuma kikazama chini ya nyasi. Kisha huuinamisha mpini kama mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo, na bonge la udongo lenye nyasi zake hupinduka pembeni. Kila wilaya ilikuwa na umbo lake la sepetu, hii pana, hii nyembamba, hii imepinda zaidi, kwa kadiri udongo ulivyo. Viwanda vidogo vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto viliyafua masepetu hayo, navyo vilijua vizuri wateja wa bonde fulani wanataka nini. Mtu aliyezoea sepetu ya kwao hakutaka kushika ya jirani.

Plau haikuwafaa wengi. Shamba lilikuwa dogo, lenye mawe, tena limeinama kama paa la nyumba. Na farasi ni mali ya mwenye nacho.

Sasa tufike kwenye tuta lenyewe, maana hapo ndipo penye akili ya kazi. Wakulima wetu hulima kwanza shamba zima, hulainisha udongo, halafu hupanda. Mwayalandi hakufanya hivyo. Alichagua mahali penye nyasi ambapo hapajalimwa. Alinyosha kamba, akapima upana wa hatua moja na nusu hivi, akatandaza samadi juu ya nyasi zile zile bila kuzilima. Juu ya samadi akapanga vipande vya mbegu. Halafu akasimama pembeni, akakata mabonge ya udongo kulia na kushoto, akayapindua juu ya mbegu, nyasi zikitazama chini: nyasi ya juu ikalalia nyasi ya chini, na mbegu katikati, kama mtu aliyelala kati ya mablanketi mawili. Pale alipotoa mabonge pakawa mfereji. Akauchimba zaidi, na udongo wake akauongeza juu ya tuta.

Tazameni faida zake. Nyasi zilizofungiwa ndani zinaoza na kuwa mbolea. Mfereji unapokea maji ya mvua na kuyaondoa, hata mizizi isisimame katika maji. Tuta lililoinuka hupata joto la jua upesi kuliko ardhi tambarare. Na nusu ya shamba haikuguswa na sepetu kabisa, kwa hiyo kazi ilipungua. Kwa sababu hiyo Waingereza wengine waliyaita matuta hayo kwa jina la dharau, kana kwamba ni kitanda cha mvivu. Nadhani waliotunga jina hilo hawakuwahi kushika láí kutwa nzima katika mvua ya mwezi wa tatu. Wataalamu wa siku hizi, ambao wameyachunguza matuta yale, wanakiri kwamba kwa ardhi ile hapakuwa na njia bora zaidi.

Kazi ya mbegu ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mama na bibi waliketi karibu na moto, kisu mkononi, wakakata kila kiazi vipande viwili au vitatu, na kila kipande lazima kiwe na jicho moja zima, ambalo ndilo litakalochipua. Kipande hicho kwa Kiayalandi huitwa sciollán. Sehemu isiyo na jicho haikutupwa. Ilikwenda kwa nguruwe, au katika chungu. Vipande vilinyunyiziwa majivu au chokaa ili vikauke mahali palipokatwa, visioze ardhini. Pengine matuta yaliandaliwa kwanza, ndipo mtu akapita na mti wenye ncha akitoboa mashimo, na watoto wakamfuata nyuma wakidondosha mbegu moja moja. Kwa watoto hao shule ilikuwa na likizo isiyoandikwa katika kalenda.

Samadi ya ng'ombe mmoja haitoshi matuta mengi, na maskini wengine hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Waliokaa karibu na bahari walikuwa na mbolea nyingine: mwani. Wakati wa baridi, dhoruba zinapoutupa pwani, na wakati maji yanapokupwa sana, wanaume walishuka wakiwa na mundu, wakaukata kwenye miamba, miguu katika maji ya baridi kama barafu. Wanawake na punda waliupandisha katika matenga. Kila nyumba ilikuwa na haki ya sehemu yake ya ufuko, na haki hiyo ililindwa kama mpaka wa shamba.

Ajabu kubwa iko katika visiwa vitatu vya Aran, mbele ya mji wa Galway. Visiwa hivyo ni mwamba mtupu wa chokaa. Katika sehemu nyingi hakuna udongo hata kidogo! Basi watu wa Aran waliutengeneza. Walivunja mwamba kwa nyundo, wakaziba nyufa kwa mawe madogo, wakajenga ukuta wa mawe pande zote ili upepo usipeperushe kazi yao. Halafu walitandaza mchanga wa bahari, juu yake mwani, juu yake mchanga tena, na kiganja cha udongo waliouokota katika mianya ya mawe. Mwaka baada ya mwaka mwani ulioza, na mwisho tuta la viazi likasimama mahali ambapo Mungu aliweka jiwe. Mwaka 1934 filamu mashuhuri, Man of Aran, iliwaonyesha watu wa dunia kazi hiyo. Kuta za visiwa hivyo zipo mpaka leo, nazo ni nyingi hata mtu akitazama kutoka juu huona kama wavu wa mvuvi umetandazwa nchi nzima.

Kalenda ya mkulima ilikuwa kalenda ya Kanisa. Sikukuu ya Mtakatifu Brijita, tarehe 1 Februari, ilifungua majira ya kulima. Wengi walitaka waanze kupanda karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, tarehe 17 Machi, hali ya hewa ikiruhusu. Ijumaa Kuu hawakufanya kazi nzito, walifunga na kusali. Ila wengi walipanda mbegu chache siku hiyo, makusudi, ili mavuno yote yapate baraka ya Msalaba. Maji ya baraka yalinyunyizwa juu ya mbegu. Usiku wa kuamkia Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mwezi wa sita, waliwasha mioto mikubwa vilimani, na asubuhi walichukua majivu au kijinga cha moto wakakitupa katika matuta ili viazi visipatwe na ugonjwa. Desturi hii ya mwisho ina mizizi ya zamani kuliko ubatizo wa nchi yao, na mapadri wengine hawakuipenda; lakini watu waliendelea nayo, wakisali huku.

Chipukizi zikionekana, mkulima alirudi mferejini, akachota udongo mwingine akaulundika juu ya tuta. Alirudia tena majani yanapokua. Kazi nzito kama hizi hazikufanywa na mtu peke yake. Kulikuwa na meitheal, yaani ujima wa majirani, sawa na likilimba ya kwetu: leo kwako, kesho kwangu. Mjane alilimiwa bila kudaiwa. Mwenye nyumba aliwalisha wafanyakazi, na jioni mara nyingi alikuwapo mpiga zumari au fidla.

Lakini sasa tuseme habari ya mwezi wa saba. Viazi vya mwaka jana vimekwisha au vimeharibika, na vya mwaka huu havijakomaa. Waayalandi waliuita mwezi huo Julai ya njaa. Watu walikula kabichi, majani ya upupu wa Ulaya, konokono wa pwani. Wengine walifunga mlango wa nyumba wakatoka na watoto kwenda kuomba chakula katika wilaya ambako hakuna anayewajua, maana kuomba kwa majirani ni aibu. Ilikuwa hivyo hata katika miaka ile iliyoitwa mizuri.

Kwa hiyo Dominika ya mwisho ya mwezi wa saba ilikuwa kubwa. Siku hiyo ndipo viazi vipya vilipochimbwa mara ya kwanza. Mume aliyechimba kabla yake alisemwa kuwa hajui kutunza nyumba yake; na aliyeshindwa kuwapa watu wake viazi vipya siku hiyo alisemwa vivyo hivyo. Ndiyo siku pia ambayo maelfu ya mahujaji hupanda Croagh Patrick, mlima wa meta 764 katika Mayo, ambako kwa mapokeo Mtakatifu Patrisi alifunga siku 40. Wengine hupanda bila viatu juu ya mawe makali. Hija hiyo ingaliko, na Misa husomwa kileleni.

Mavuno makubwa yalifanywa mwezi wa kumi, na desturi ilitaka yamalizike kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Wanaume walifumua tuta kwa sepetu, wanawake na watoto wakaokota na kuchagua: vikubwa vya kula, vya kati vya mbegu, vidogo na vilivyokatwa vya nguruwe. Halafu walichimba shimo la kina kidogo mahali pakavu, wakalundika viazi kama paa la nyumba, wakavifunika kwa matete au mabua, na juu ya hayo udongo uliopigwapigwa kwa sepetu hata mvua iteleze. Humo vilikaa salama dhidi ya baridi mpaka masika. Aliyehitaji alifungua upande mmoja, akatoa vya siku chache, akafunga tena.

Chakula chenyewe kilikuwa rahisi. Viazi vilichemshwa na maganda yake katika sufuria kubwa ya chuma yenye miguu mitatu, vikamwagwa katika ungo wa fito ili maji yachuruzike, na ungo ukawekwa juu ya sufuria ile ile katikati ya nyumba. Wote walikaa kuuzunguka, wakamenya kwa kucha. Kando palikuwa na chumvi, na mtindi, pengine dagaa wa chumvi. Mwanamume mwenye kazi nzito alikula kilo tano hata sita kwa siku. Wageni waliotoka Uingereza walishangaa kuwaona watu wenye matambara hivi wana afya na watoto wengi. Nasi tunajua sasa kwamba viazi pamoja na maziwa humpa mtu karibu yote mwili unayoyahitaji.

Maskini wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper. Haikuwa tamu, lakini ilizaa sana katika ardhi mbaya. Mwaka 1845 ugonjwa mpya ulivuka bahari. Ulionekana Ubelgiji kiangazi kile, na Flandria nayo ilipata njaa kali. Halafu ukafika Ayalandi. Ni kiumbe kidogo mno, kinachofanana na ukungu, ambacho husafiri kwa upepo wa unyevu. Majani huota madoa meusi, na kwa siku chache shamba zima hunyauka na kunuka. Ukichimba, unakuta uozo. Wakulima wa Kivu wanaujua ugonjwa huo, maana ndio uleule unaochoma viazi vyao katika miezi ya mvua. Mwaka wa kwanza Ayalandi ilipoteza sehemu tu ya mavuno. Mwaka 1846 ilipoteza karibu yote. Mwaka 1847 ugonjwa ulipungua, lakini matuta yalikuwa machache, kwa sababu watu walikuwa wamekula mbegu. Mwaka 1848 ukarudi.

Siku hizo hizo shehena za nafaka na mifugo ziliendelea kutoka bandarini kwenda Uingereza, kwani zilikuwa mali ya watu wengine. Serikali ya London ilitoa sheria mwaka 1847 kwamba mtu mwenye zaidi ya robo eka ya ardhi asipewe msaada. Fikirini maana yake: baba wa watoto sita aachilie matuta yake ili apate uji, na ajue kwamba akiisha kuyaachilia hayatarudi. Wengine walikataa wakafa ndani ya nyumba zao. Sehemu nyingine palikuwa na watu waliowapa Wakatoliki mchuzi kwa sharti la kuiacha dini yao. Lakini haki itendeke, Wakwaker, ambao nao si Wakatoliki, walilisha watu wengi bila kuuliza mtu anasali wapi. Tarehe 25 Machi 1847 Baba Mtakatifu Pio IX aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima, akiomba sala za siku tatu na sadaka kwa ajili ya Ayalandi. Hata Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani waliofukuzwa katika nchi yao miaka 16 tu kabla, walichanga fedha wakazituma. Pamoja na hayo, watu wapata milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walipanda meli kwenda ng'ambo. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Mwaka 1851, milioni sita na nusu.

Dawa ilichelewa. Mwaka 1885 profesa Mfaransa, Millardet wa Bordeaux, alieleza jinsi mrututu uliochanganywa na chokaa unavyozuia magonjwa ya namna hiyo katika mizabibu. Mrututu hutokana na shaba, madini ambayo watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa. Katika miaka iliyofuata Waayalandi walianza kuutia kwenye viazi, wakitumia magadi ya kufulia mahali pa chokaa. Mwanzoni walichovya ufagio katika ndoo wakarashia majani. Baadaye zikaja pampu za mgongoni, na mikono ya wakulima ikawa ya buluu kila mwezi wa saba. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini wazee waliokuwa wamesikia habari za 1847 hawakuiacha hata siku ya sikukuu.

Leo viazi vya Ayalandi hulimwa hasa kwa mashine, katika mashamba makubwa ya mashariki na kaskazini, na aina inayopendwa zaidi ni Rooster, yenye ngozi nyekundu. Ugonjwa ungaliko. Hali ya hewa ikiwa ya joto na unyevu, idara ya serikali hutangaza hatari, na wakulima hutoka na dawa. Hata Lumper imepandwa tena na kuuzwa, kwa watu wanaotaka kujua babu zao walionja nini. Tuta la sepetu limebaki huku na huku katika bustani za magharibi na visiwani, kwa wazee wasemao kwamba kiazi cha tuta ni kikavu na kitamu zaidi.

Lakini matuta ya zamani hayakufutika. Katika kisiwa cha Achill, chini ya mlima Slievemore, kuna mabaki ya kijiji cha nyumba kati ya 80 na 100, kuta bila mapaa. Kuzunguka kuta hizo, na juu mlimani mpaka mahali ambapo huwezi kuamini kwamba mtu alipanda na tenga la mwani mgongoni, ardhi ina mistari iliyonyoka, tuta na mfereji, tuta na mfereji. Mchana haionekani sana. Jioni, jua likiwa chini, kila mfereji hujaa kivuli, na mlima mzima huonekana umelimwa. Kondoo hulisha juu yake.